Taa Isiyounguza

Eliakimu hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Jambo hilo lilijulikana kuanzia Gerezani mpaka Mnazi Mmoja, na mwenyewe alipenda lijulikane. Hata suti ya harusi aliinunua asubuhi ya harusi, kwa sababu muuzaji alikataa kupunguza jana yake, na Eliakimu aliamini kwamba mtu akilala na mali yake bila kuiuza, asubuhi huamka amelainika. Muuzaji alilainika kweli. Kwaya iliimba wimbo wa kuingilia, ikaurudia, ikaanza kuuimba tena polepole, na Candida akasimama mlangoni mwa kanisa na shela lake huku wajomba wakitazama barabara. Mpaka leo akimkasirikia mumewe humwita Punguza.

Alikuwa mtu wa Machame, kule mlimani Kilimanjaro, mwimba besi, mwenye tumbo la heshima na sauti iliyotangulia mwili wake kwenye ngazi. Kazi yake ilikuwa kupima maji. Jengo lao lilisimama pale Kariakoo inapoishia na Gerezani inapoanza: chini wanauza vipuri, juu kabisa wanashona mabegi ya shule, na katikati, nyuma ya mlango ulioandikwa kwa bluu TONE ANGAVU, MAABARA YA MAJI, alikaa Eliakimu na koti lake jeupe. Basi la mwendokasi likipita, chupa zote rafuni zilipigana mabega. Mtaa ulimwita Daktari. Hakuwa daktari, alikuwa na stashahada ya ufundi wa maabara. Lakini jina lililokuja lenyewe, tena bure, hakuona sababu ya kulirudisha.

Watu walimletea maji ya visima, ya matangi, ya madumu ya mikokoteni. Walitaka kujua kama yana risasi, ile metali nzito ya kwenye betri za magari, isiyo na ladha wala harufu, inayoingia mwilini mwa mtoto taratibu, kama mgeni ambaye hakubisha hodi na hana mpango wa kuaga. Kuigundua ni kazi. Maji ya mjini hayakai peke yake. Yana majani yaliyooza, yana mfereji, yana tope jeusi la miaka, na uchafu huo wote huikumbatia risasi na kuificha. Eliakimu alikuwa na namna yake ya kulieleza hili kwa wateja.

"Umewahi kuona mgambo wakiingia Kariakoo?" aliuliza. "Machinga anafanya nini? Anakunja turubai, anabana mzigo kwapani, anajichanganya na wanunuzi. Mgambo anapita, anaona watu wanatembea tu, anaandika mtaa safi. Sasa mashine yangu ndiyo mgambo. Risasi ndiyo machinga. Na uchafu ndio hao wanunuzi. Nikipima hivi hivi sioni kitu. Lazima kwanza niwatawanye wanunuzi waende kwao, abaki machinga katikati ya barabara na mzigo wake."

Kilichowatawanya wanunuzi kilikuwa taa. Vitabu huuita mwanga wake urujuanimno. Kariakoo wanauita yuvii, na maisha yanaendelea. Ilikuwa taa ya zebaki iliyofungiwa ndani ya sanduku la bati lenye feni. Eliakimu alimimina maji kwenye mirija ya kioo ghali, kile kisichouzuia mwanga huo, akatia asidi kidogo na matone ya ile dawa ambayo saluni huitumia kupaushia nywele, akaipanga mirija kuizunguka taa na kufunga mlango. Humo ndani mwanga uliyala majani, ukalila tope, mpaka maji yaliyoingia na rangi ya chai yakatoka meupe kama machozi. Chumba kilinuka kama hewa baada ya radi. Kisha mashine ilichora mstari kwenye karatasi, na pale palipokuwa na risasi mstari ulipanda ukawa kilima. Mtoto wa Machame alijua kusoma vilima.

Mara moja tu, zamani, aliwahi kulifungua sanduku lile taa ikiwa inawaka. Macho yakajaa mchanga usioonekana, akakesha analia kama mfiwa, na mkono wake ukababuka kama umemwagiwa maji ya moto. Tangu siku hiyo aliiheshimu taa ile kuliko alivyomheshimu bosi wake.

Kisha taa ikafa.

Bosi wake, Heriel, alikuwa mfanyabiashara wa mabati aliyefungua maabara baada ya kusikia kwamba maji yana soko. Kuagiza taa kutoka ng'ambo hakutaka hata kusikia.

"Kariakoo kuna kisichokuwepo?" alisema. "Watu wananunua injini ya meli pale. Taa itakushinda? Tena wewe, bingwa wa bei?"

Neno bingwa lilimwingia Eliakimu kama asali. Akavua koti jeupe, maana koti jeupe hupandisha bei, akashuka kwenda kwenye duka la Nassibu mtaa wa Narung'ombe, ambako taa zilining'inia kama matunda: taa za maharusi, taa za vifaranga, taa za bodaboda, taa za matangi ya samaki.

"Nataka taa ya yuvii."

"Ya kufanyia nini, mzee wangu?"

Eliakimu hakujibu. Ukimwambia muuzaji shida yako, umempa kisu na shingo; hilo mtoto wa Kariakoo hulijua kabla ya alfabeti. "Nionyeshe uliyonayo," alisema, akitazama pembeni kama mtu aliyeingia kukwepa jua.

Nassibu akaingia ndani, akatoka na sanduku refu, zito, lenye vumbi. "Hii ya zebaki. Chuma. Ukiiwasha usiitazame." Akataja bei.

Eliakimu akacheka kile kicheko kinachofundishwa na mtaa, kifupi, cha puani. "Kwa bei hiyo inaimba?"

"Haiimbi. Ila ni original."

"Punguza."

"Nimeshapunguza kabla hujaingia, baba."

Eliakimu akaondoka kwa mwendo wa mtu anayetaka kuitwa. Akaitwa. Akarudi, akasikia bei mpya, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaondoka tena. Akaitwa tena. Ikawa hivyo mpaka muuza kahawa wa barazani akageuza benchi lake apate kutazama vizuri. Kila Eliakimu aliporudi, bei ilikuwa imeshuka, na sanduku lililokuwa juu ya kaunta lilikuwa dogo kuliko lile la mwanzo. Lakini Eliakimu alikuwa anaitazama bei.

Mwishowe Nassibu akaweka mbele yake kipande chembamba chenye nyaya mbili, kimefungwa kwenye nailoni. "Hii imepasuka nyumba yake ya nje, roho yake nzima. Ndiyo maana naitupa kwa bei hii. Na ukiondoka tena sikuiti, nakuapia."

"Hii nayo ni yuvii?"

"Soma mwenyewe."

Ilikuwa imeandikwa kweli. Nassibu akaiwasha, ikatoa mwanga wa zambarau mzito, mzuri, rangi ya kitambaa cha madhabahuni wakati wa Kwaresima.

"Wanaitumia akina nani?"

"Wataalamu," alisema Nassibu, na hakusema uongo.

Eliakimu alirudi kazini anaimba. Akaifunga taa ndani ya sanduku la bati kwa waya, akaiwasha. Haikupata moto. Haikunuka radi. Teknolojia imekua, alijisemea. Na kwa kuwa alikuwa mtu makini, alifanya jaribio: alichukua maji safi kabisa ya kutoneshwa kutoka kwenye mvuke, akatia risasi kidogo kwa makusudi, akayapitisha kwenye taa na kuyapima. Kilima kikasimama palepale kilipotakiwa. Eliakimu akaridhika. Hakukumbuka kwamba maji yale hayana jani wala tope la kuificha risasi. Kwa lugha yake mwenyewe, alikuwa amemtuma mgambo kwenye mtaa usio na wanunuzi.

Tangu wiki hiyo maji ya Dar es Salaam yakapona.

Visima vilivyokuwa vinachora vilima vikaanza kuchora uwanda. Mwenye tangi la nyuma ya stendi, ambaye maji yake yalikuwa yamekataliwa mara mbili, alikubaliwa, akaleta katoni ya soda na kusema maombi ya mkewe yamejibiwa. Habari zikatembea kwa miguu ya Kariakoo, ambayo haijui foleni: nenda Tone Angavu, pale maji hayafeli. Wakaja wa Buguruni, wakaja wa Mbagala, wakaja wenye viwanda vya chupa waliovaa tai. Maabara nyingine za mjini, ambako maji yalikuwa bado yanaumwa, zilianza kusemwa vibaya. Heriel akabandika bango mlangoni: TAA YA KISASA, MATOKEO YA KUPENDEZA. Na kama baadhi ya maji yalitoka kwenye sanduku yana rangi ya chai kama yalivyoingia, Eliakimu aliyainua mbele ya dirisha, akafikicha macho, akasema ni kutu, au ni uzee.

Bi Moza alipanda ngazi siku moja ya joto na dumu dogo mkononi. Alikuwa mtu wa Lindi, mjane, mwenye mgahawa uani nyuma ya jengo, na katikati ya uwa kisima alichoachiwa na marehemu mumewe. Wali wake wa nazi ulilisha wapagazi, mafundi, wauza vipuri na Eliakimu mwenyewe kila adhuhuri. Nyuma ya ukuta wa uwa mafundi betri walipasua betri chakavu tangu asubuhi mpaka jua kuzama.

"Shikamoo, Bi Moza."

"Marahaba, baba. Nimeleta maji ya kisima changu. Sitaki maelezo ya mgambo na machinga, nimeshayasikia mpaka nayaota. Nataka neno moja. Huyu Jacky anywe au asinywe?"

Jacqueline alikuwa msichana anayepaka na kubandika kucha chini ya ngazi, kwenye kibanda cha upana wa kabati. Alikuwa na mimba. Ya kwanza ilimtoka mwaka uliopita, akarudi kazini kabla hajamaliza kulia, na Bi Moza, ambaye hakumzaa, alimlaza kwake na kumlisha uji kwa kijiko. Sasa kliniki walimwambia anywe maji mengi, naye alikunywa kama gari bovu linavyokunywa.

Eliakimu aliyapima maji ya Bi Moza kwa upendo, kwa kuwa ndiyo yaliyopika wali wake. Mstari ukalala chini, tambarare kama Jangwani wakati wa kiangazi.

"Anywe," alisema.

Bi Moza hakumshukuru kwa maneno. Siku hiyo alimwekea vichwa viwili vya samaki. Cheti alikitia fremu, akakitundika kati ya leseni ya biashara na picha ya Al-Kaaba, na juu yake akachomeka ua la plastiki. Jacqueline akanunua jagi kubwa la kijani. Kila Eliakimu alipopita chini ya ngazi alimsikia: "Shikamoo, anko. Mwanao huku anaogelea tu." Naye alijibu marahaba kwa besi, moyo ukimjaa kama wa baba aliyelipia ubatizo.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya maharusi, kibanda cha Jacqueline kimejaa wapambe, taa yake ilipozima. Alipanda ngazi taratibu, mkono mmoja kiunoni, mwingine ameuinua mbele vidole vimetawanyika, rangi mbichi zinang'aa.

"Anko, naomba niazime taa yako dakika tu. Nina bibi harusi pale na kucha zangu mwenyewe nimezipaka za mfano, hazijakauka, nikigusa kitu nimekwisha."

"Taa yangu? Taa yangu si ya mchezo, binti."

"Si ile ya Nassibu? Alituambia ameiuza roho ya ile ya kwetu wa kucha, iliyopasuka. Kwa mzee mmoja mbishi."

Kabla Eliakimu hajaelewa alichosikia, Jacqueline alikuwa amefungua mlango wa sanduku la bati. Zambarau ikamwagika chumbani. Eliakimu akapiga kelele, akafunika macho yake kwa mikono miwili, akingoja ule mchanga, akiungoja mkono wa msichana ubabuke.

Hakuna kilichobabuka. Alipotazama kati ya vidole vyake aliona Jacqueline amesimama ametulia, mkono ndani ya sanduku kama mtu anayeota moto wa mbali, anatabasamu.

"Tena yako nzuri kuliko yangu," alisema. "Ona." Akatoa mkono. Kucha zilikuwa kavu, ngumu, zinang'aa kama magari mapya. Ngozi yake haikuwa hata na joto.

Jacqueline alishuka na asante nyingi. Eliakimu akakaa chini. Taa isiyounguza kiganja cha msichana haiwezi kuunguza tope la Gerezani. Akautazama mkono wake mwenyewe, pale penye baka la kuungua kule kwa zamani, na kwa mara ya kwanza akalitamani.

Dumu la Bi Moza lilikuwa bado na maji. Ipo njia nyingine, ya wazee wa kazi: kuyachemsha maji na asidi kali juu ya jiko la umeme mpaka uchafu wote ufe. Hiyo inanuka, inachosha, inataka madirisha wazi na mtu asiyeondoka. Eliakimu hakuondoka. Washona mabegi wa juu walikohoa na kumtukana kupitia dirishani, naye akasema samahani zake bila kugeuka. Alipopima, mstari ulitembea chini, ukatembea, kisha pale penye risasi ukainuka. Ukainuka mpaka kalamu ikagonga ukingo wa juu wa karatasi.

Akaenda kwa Heriel na ile karatasi. Heriel alikuwa anakula korosho.

"Mkuu, ile taa ni ya kucha."

"Kucha za nani?"

"Za wanawake. Ya saluni."

"Inawaka?"

"Inawaka."

"Ni yuvii au si yuvii?"

"Ni yuvii, ila dhaifu. Haivunji kitu. Vyeti vyote tulivyotoa nayo havina maana."

Heriel akatia korosho nyingine kinywani. "Kuna mteja amelalamika?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Wanashukuru."

"Sasa nisikilize. Mimi nimeuza mabati. Bati likivuja, mteja anarudi nalo kichwani ananitukania ukoo. Hawa wako wanarudi na soda. Nikawaambie nini? Samahani, tuliwafurahisha kwa bahati mbaya?"

"Kuna mjamzito anakunywa, mkuu. Hapo chini. Jacky."

Heriel akaacha kutafuna. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mabati. Akatazama dirishani, akafikiri kadiri alivyoweza.

"Mwambie apunguze," alisema.

Eliakimu alitoka na neno lile masikioni. Alikuwa amelisema maisha yake yote, madukani, sokoni, mbele ya mchungaji aliyemwekea mchango wa jengo, na hakuwahi kusikia linavyolia likitoka kinywani mwa mwingine.

Alishuka mpaka uani amekusudia kusema. Fremu ilikuwa ukutani, saini yake chini ya ua la plastiki. Bi Moza akamwekea sahani bila kuuliza. Wapagazi wakamsogezea nafasi: karibu Daktari, karibu. Basi akafanya jambo dogo la woga: alikwenda dukani mbele, akanunua maji ya chupa, akarudi kula, chupa ameibana kati ya mapaja.

Alikunywa funda moja. Ilitosha.

"Daktari," aliita Bi Moza kutoka kwenye sufuria. "Hicho ni nini?"

"Maji, Bi Moza."

"Naona ni maji. Nauliza yamefuata nini kwangu."

"Tumbo halijatulia."

"Tumbo gani? Hilo linalokula pilipili kama karanga?"

Wapagazi wakacheka. Kisha mmoja wao akaacha kucheka, akatazama kikombe alichoshika, akamtazama na Eliakimu, akakiweka mezani. Aliyekaa kando yake akaweka chake. Kikombe kikafuata kikombe, meza nzima. Wiki zote hizo wale watu hawakuwahi kukisoma kile cheti. Chupa waliisoma mara moja.

Hapo ndipo Jacqueline alipoingia uani na jagi lake la kijani, ametoka kulijaza kisimani.

"Shikamoo, anko. Leo mwanao ameamka na mpira, anapiga mashuti." Akaliinua jagi kinywani.

"Usinywe, Jacky," alisema Eliakimu.

Aliisema kwa sauti ya chini kabisa, ile besi ya kanisani, na uwa wote ukaisikia. Nyuma ya ukuta nyundo za mafundi betri zikaendelea, ko, ko, ko.

Bi Moza alifuta mikono kwenye khanga yake. "Ulisema anywe."

"Nilisema."

"Na leo?"

"Asinywe. Wala wewe. Wala mtu yeyote hapa."

"Kilichobadilika ni maji au ni wewe?"

"Ni taa, Bi Moza. Nilinunua taa ya kukaushia kucha. Sikuuliza. Nilikuwa nashusha bei."

Jacqueline alizitazama kucha zake, zile zilizokauka vizuri, na kicheko kikaanza kumtoka. Kisha mkono wenye kucha ukashuka wenyewe juu ya tumbo, na kicheko kikakatika. Akaliweka jagi chini kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kilicholala.

Bi Moza akapanda kigoda, akaishusha fremu. Akaifungua nyuma, akatoa cheti, akakikunja, akampa Eliakimu.

"Chukua karatasi yako," alisema. "Fremu ni yangu."

Akaenda kisimani, akakifunika kwa bati, juu ya bati akabiringisha kinu cha mawe. Kisha akapanda juu ya kinu na kuwaambia mafundi wa nyuma ya ukuta maneno ambayo mwandishi huyu hawezi kuyaweka hapa, ila yalikuwa na mizani na vina.

Eliakimu alirudi kwa Nassibu bila kubadili nguo, amevaa koti jeupe.

"Nataka taa ya yuvii," alisema. "Ya kupimia maji. Ya kuvunja uchafu ulioficha risasi. Kuna mama mjamzito alikunywa kwa neno langu."

Nassibu akainuka kitini. "Ungeniambia hivi siku ile," alisema, bila kejeli, na akaingia ndani akatoka na lile sanduku refu, zito. Hata vumbi lilikuwa lilelile. "Bei yake unaijua. Ni ya kwanza."

Eliakimu akatoa pesa, akaziweka kaunta. Ilikuwa nauli ya Krismasi, yake na ya Candida, na mchango wake wa mbuzi wa sikukuu. Na anayewajua watu wa Machame anajua kwamba Desemba wao huenda nyumbani hata kama wamebebwa kwa machela.

"Hupunguzi?" aliuliza Nassibu.

"Sipunguzi."

Muuza kahawa wa barazani aligeuza benchi lake. Nassibu alizitazama zile noti, akamtazama Eliakimu, mtu aliyewahi kuondoka dukani humo mpaka viatu vikakonda. Kisha akavuta kutoka chini ya kaunta kitaa kidogo cha zambarau, kile cha kukagulia noti bandia, akaanza kuzipitisha moja moja chini yake. Eliakimu akasimama akangoja. Aliona ni haki.

Candida hakusema naye mpaka Jumapili. Jumapili, wakitoka kanisani, alisema: "Miaka yote nakuomba ulipe bei ya kwanza, Punguza. Siku ya kulipa ukachagua nauli yangu." Lakini mchana huo alikwenda mwenyewe kwa Jacqueline na galoni za maji na maziwa mtindi. Damu ya Jacqueline ilikuwa imechukuliwa kliniki, ikapelekwa mbali, majibu yakachelewa kama majibu yanavyochelewa. Yalipokuja, risasi ilikuwemo, kidogo. Wakamwambia ashukuru hakunywa kwa muda mrefu, ale vizuri, arudi. Aliendelea kumwamkia Eliakimu chini ya ngazi. Ila hakumwambia tena habari za mwanawe, na Eliakimu alijibu marahaba akapita taratibu, akisikiliza kama ataongeza neno.

Desemba ikafika. Maduka ya watu wa Kilimanjaro yakafungwa moja baada ya jingine, kufuli juu ya kufuli, mpaka Kariakoo ikapungua sauti kama darasa mwalimu anapoingia. Heriel naye akapakia gari.

"Kwa kuwa wewe unabaki," alimwambia Eliakimu, "shika funguo. Usifanye kitu. Linda tu."

Eliakimu alilinda. Alilibandua bango la mlangoni, akaifunga taa ya zebaki ndani ya sanduku, akawasha feni. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na mabaki ya maji ya kila mteja aliyewahi kufurahishwa, kwa sababu, pamoja na makosa yake yote, hakuwahi kumwaga sampuli. Akaanza na ya kwanza. Wengine maji yao yalikuwa mazuri tangu mwanzo, nao aliwaandikia hivyo. Wengine akawafuata kwa miguu, Buguruni, Mbagala, nyuma ya stendi, akasimama milangoni mwao na koti lake jeupe akitukanwa, na akirudi aliendelea na mrija unaofuata. Mwenye tangi alidai soda zake.

Siku ya pili ya Krismasi simu ililia. Ilikuwa Machame, nyuma ya sauti ya Heriel kulikuwa na wanywa mbege, ile pombe ya ndizi, watoto na kisu kinachonolewa.

"Mangi, huko kwema?" aliuliza, akimwita Eliakimu kwa heshima ya nyumbani.

"Kwema, mkuu."

"Wateja hawajambo?"

"Hawajambo. Ila hawajafurahi."

"Hawajafurahi? Nani hajafurahi?"

Eliakimu akatazama karatasi zilizotandazwa mezani, vilima juu ya vilima. "Nusu yao, mkuu. Wanalalamika sana."

Kule Machame kisu kikaendelea kunolewa. "Nitakuja Januari tuongee," alisema Heriel.

"Karibu," alisema Eliakimu, akaweka simu chini. Sanduku lilikuwa linanguruma. Chumba kizima kilinuka radi, mpaka kwenye ngazi, na kutoka chini ya ngazi sauti ya msichana ikapanda, ya kulalamika.

"Anko, hiyo harufu gani tena? Mwanao kashtuka huku."

"Ni taa, Jacky," alijibu, akashika ukingo wa meza. "Kaa nayo mbali. Hii inaunguza."